Saint Helena, Kisiwa Kinachouza Mahali Kilipo

Wengi wetu tumesimuliwa vita vya Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vile vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Tunajua kwamba Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, kasri likapigwa mizinga kutoka baharini, naye akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani na baadaye Dar es Salaam. Hadithi kwa kawaida huishia hapo. Mimi kilichonivuta ni kilichofuata. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipokuwa wakiitwaa Afrika Mashariki ya Wajerumani, walimkamata Khalid wakampeleka Saint Helena, mwamba ulio peke yake katika Atlantiki ya Kusini. Kisha wakamhamishia Shelisheli, na mwisho wakamruhusu arudi huku kwetu. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Nilitaka kujua kwa nini walimpeleka huko, wakati himaya yao ilikuwa na magereza kila pembe. Jibu lilikuwa umbali, na nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba umbali huohuo ndio uchumi wa kisiwa kizima. Tangu watu walipoanza kuishi pale, Saint Helena imekuwa ikiuza kitu kimoja: mahali ilipo. Wanunuzi wamebadilika. Mara walikuwa mabaharia wenye kiu, mara dola yenye mfungwa wa kumficha, na leo ni kampuni yenye mkongo wa intaneti wa kupitisha chini ya bahari. Na kila mara biashara ilipokufa, uamuzi wa kuiua ulifanyika mbali, mbele ya watu ambao huenda hawakukumbuka kama kisiwa hicho kipo. Hilo limekaa moyoni mwangu kwa miaka, na ndilo linalonifanya niandike.

Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba 122. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu takriban 4,400, idadi ambayo shule moja kubwa ya sekondari mjini inaweza kuikaribia. Pwani ya Afrika iko karibu kilomita 1,900 upande wa mashariki. Kisheria ni eneo la ng'ambo la Uingereza, lenye gavana anayeteuliwa London na baraza la wawakilishi wanaochaguliwa na wananchi, ambao hujulikana kama Saints. Wareno walikifika mwaka 1502 wakakuta hakuna mtu. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilianza kukikalia mwaka 1659, na haikufanya hivyo kwa sababu ya dhahabu wala viungo. Merikebu zake zilizotoka India na China zilipozunguka Rasi ya Tumaini Jema zilikuwa na safari ndefu mbele yake, mabaharia wameshaanza kuvimba fizi kwa kiseyeye, mapipa ya maji yananuka. Saint Helena iliwapa maji safi, nyama, mboga na malimau.

Ilikuwa biashara ya kweli. Mwaka 1855 zilitia nanga meli 1,100, yaani wastani wa meli tatu kila siku. Bandari haikuwa na gati la kuegesha. Meli zilisimama nje mbele ya Jamestown, mji uliobanwa katika bonde jembamba kati ya kuta mbili za mawe, na watu pamoja na mizigo vikashushwa kwa mashua na matishari. Penye ngazi za kushukia palining'inizwa kamba, kwa sababu mawimbi huinua mashua na kuishusha. Abiria alisubiri mashua ipande, akashika kamba, akaruka. Asiyeruka kwa wakati alirudi chini na mashua akangoja wimbi jingine. Utaratibu huo haukuisha na enzi ya matanga. Watu waliendelea kuzishika kamba hizo hadi karne hii.

Juu ya mji huo huo kuna ngazi nyingine, maarufu zaidi, yenye vidato 699, inayoitwa Jacob's Ladder. Watalii huipanda kwa kujipima pumzi. Asili yake ni ya kiuchumi kabisa: mwaka 1829 ilijengwa reli ya mteremko mkali, mabehewa yakivutwa kwa nguvu za punda, kupandisha samadi kutoka mjini kwenda mashamba ya juu na kuteremsha mazao. Mbao zake zililiwa na mchwa. Mchwa hao waliingia kisiwani katika miaka ya 1840 ndani ya mbao za meli ya watumwa iliyokamatwa na kuvunjwa pale, wakatafuna nusu ya Jamestown, milango, dari na vitabu. Reli iling'olewa mwaka 1871, vikabaki vidato. Hata mchwa waliletwa na mahali kisiwa kilipo.

Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa. Kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki ulikuwa mlango mpya. Kwa Saint Helena ulikuwa kufungwa kwa duka. Meli za mvuke nazo hazikuhitaji kusimama mara kwa mara. Kufikia mwaka 1889 meli zilizotia nanga zilikuwa 288 tu. Hakuna mkulima wa Saint Helena aliyelima vibaya, hakuna mfanyabiashara aliyepunja vipimo. Ulichimbwa mtaro katika jangwa la Misri, basi.

Jela ilisaidia kujaza pengo, na si kwa mara ya kwanza. Napoleon aliletwa mwaka 1815 na kufariki 1821, na kwa muda wote huo kisiwa kilijaa askari na maofisa waliohitaji chakula, nyumba na mafundi. Alipokufa, kikosi kikaondoka na fedha zake. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alikaa huko uhamishoni kuanzia 1890 hadi 1897. Kisha wakaja wafungwa wa vita vya Waingereza na Makaburu, karibu 6,000, kuanzia mwaka 1900. Mwaka 1901 kisiwa kilikuwa na watu 9,850, idadi kubwa kuliko zote katika historia yake, zaidi ya mara mbili ya walio pale leo. Vita vilipokwisha mwaka 1902, wafungwa na walinzi wakaondoka. Hata baada ya Khalid, kati ya miaka ya 1957 na 1961, walifungwa huko wanasiasa watatu wa Bahrain. Mimi huona uchungu kuiita hii biashara, lakini kwa mwenye bucha au mwenye kupangisha nyumba Jamestown ilikuwa biashara, na hakuna aliyemuuliza kama angependelea riziki ya aina nyingine.

Jambo ambalo msomaji wa Tanga au Korogwe atalielewa upesi ni habari ya katani. Mmea wenyewe si mkonge wetu. Ni mmea wa nyuzi kutoka New Zealand, wenye majani marefu, na ulijaribiwa kisiwani katika miaka ya 1870 bila mafanikio. Mwaka 1907 serikali ilijenga kinu Longwood, na safari hii ukashika. Majani yalikatwa kwenye miteremko, punda wakayabeba hadi kinuni, mashine ikayaparaza hadi zikabaki nyuzi, nyuzi zikaoshwa na kuanikwa mashambani hadi ziwe nyeupe, kisha zikapigwa marobota. Miteremko ya juu yote ikawa kijani kwa mmea huo mmoja. Familia nyingi zilipata mshahara wao wa pekee katika vinu. Uingereza ilinunua kwa ajili ya kamba na uzi, na sehemu ya uzi huo ilifungia vifurushi vya barua katika posta zake.

Halafu ikaja nailoni. Posta ya Uingereza ikahamia uzi wa viwandani, bei ya nyuzi za majani ikaporomoka, nauli ya meli ikabaki palepale, na mwaka 1966 kinu cha mwisho kikafungwa. Miaka hiyohiyo mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalikuwa yakionja dhoruba hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Tanganyika ilikuwa na kahawa, pamba, korosho, ardhi na mamilioni ya watu. Saint Helena ilikuwa na katani. Ilikuwa imeacha mashamba ya chakula ili kuipanda, na ilipoanguka hakukuwa na kitu cha kushika. Mmea wenyewe haukuondoka. Mpaka leo umefunika vilele, unabana miti ya asili ambayo haipatikani popote pengine duniani, na kuna watu wanaolipwa kuung'oa kwa mikono ili misitu ya mawingu irudi. Misitu hiyo ndiyo inayonasa ukungu na kulisha vyanzo vya maji, kwa hiyo mmea ulioletwa kwa ajili ya fedha sasa unagharimu fedha na maji.

Tangu hapo kisiwa kimeuza watu wake. Nasema hivi kwa makusudi. Kazi hazikuwepo, na mishahara iliyokuwepo ilikuwa midogo, kwa hiyo vijana walipanda meli kwenda Ascension, kisiwa jirani chenye kambi za kijeshi za Marekani na Uingereza na mitambo ya mawasiliano, na baada ya vita vya mwaka 1982 vya Uingereza na Argentina wakaenda visiwa vya Falklands kwa wingi. Wapishi, mafundi umeme, madereva, wauguzi, wahudumu wa kambi. Ascension hakuna anayeruhusiwa kuishi daima. Mkataba ukiisha unaondoka, hata kama ulizaliwa huko. Matokeo yake ni kizazi kizima cha watoto wa Saint Helena waliolelewa na bibi na babu, huku wazazi wakituma fedha za nyumba inayojengwa polepole, tofali kwa tofali.

Na Uingereza yenyewe, ambayo bendera yake inapepea juu ya ofisi ya gavana, iliwafungia mlango. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 iliwaondolea Saints haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza. Walirudishiwa mwaka 2002. Kwa takriban miaka ishirini watu walioimba wimbo wa Malkia shuleni hawakuruhusiwa kutafuta kazi katika nchi yake. Haki iliporudi, walitumia mara moja, na ni nani angewalaumu? Vijana wakaondoka na idadi ya watu ikashuka haraka. Hapa ndipo penye kidonda cha uchumi huu, kuliko utalii, kuliko samaki, kuliko bei ya mafuta: watu wenye umri wa kufanya kazi wanapungua na wazee wanaongezeka. Hospitali ile ile, shule ile ile, barabara zile zile zinahitaji kuendeshwa, na mabega ya kubeba ni machache.

Ndiyo maana sipendi namna bajeti yake inavyozungumzwa na baadhi ya watu wa Uingereza. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya matumizi ya serikali ya kisiwa hulipwa kwa ruzuku ya Uingereza, na kwamba Saint Helena imo katika orodha ya maeneo yanayostahili misaada ya maendeleo kwa vigezo vya kimataifa, orodha ambayo maeneo mengi ya ng'ambo ya Uingereza hayamo. Mtu anachukua kiasi hicho, anagawanya kwa watu 4,400, anatoa jibu na kuuliza kwa nini tuwalipie. Lakini kugawanya huko kunaficha mambo. Jenereta za umeme hazipungui kwa sababu watu ni wachache. Daktari wa upasuaji ni mmoja hata kama wagonjwa ni wawili kwa wiki. Kila kitu cha dukani kimekuja kwa meli, kwa sehemu kubwa kutoka Cape Town, na bei yake imebeba nauli na ushuru wa forodha. Sarafu yenyewe, pauni ya Saint Helena, inalingana moja kwa moja na pauni ya Uingereza, lakini uende nayo London hakuna duka litakaloipokea, ilhali noti ya London inapokelewa Jamestown bila swali. Benki ni moja, iliyofunguliwa mwaka 2004. Nchi hii ilijengwa na himaya kwa matumizi ya himaya, na himaya ilipopata njia fupi zaidi iliwaacha watu pale. Ruzuku ni deni.

Uwanja wa ndege ndio uliofanya dunia ikumbuke kwamba kisiwa kipo, na ikakikumbuka kwa kukicheka. Mpango ulizungumzwa miaka mingi, ukasimamishwa mwaka 2008, ukafufuliwa 2010. Ujenzi uligharimu takriban pauni milioni 285. Bonde zima, Dry Gut, lilijazwa mawe ili kupata urefu wa njia ya kurukia. Ulitakiwa kufunguliwa Mei 2016. Mwezi wa nne ndege ya majaribio aina ya Boeing 737 ilijaribu kutua kutoka upande wa kaskazini, ikakuta upepo unaopiga majabali ya pwani na kupinduka ghafla mbele ya njia, na ufunguzi ukaahirishwa. Magazeti ya Uingereza yakauita uwanja usio na maana kuliko yote duniani, na jina likaenea kila mahali.

Tarehe 14 Oktoba 2017 ndege ya kwanza ya abiria yenye ratiba ilitua, Embraer E190 ya shirika la Airlink kutoka Johannesburg kupitia Windhoek. Februari iliyofuata meli ya posta, RMS St Helena, iliondoka kwa mara ya mwisho. Safari ya siku tano kutoka Cape Town ikawa ya saa chache.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo ahadi na ukweli vinapoachana. Ndege ya aina hiyo ina viti vinavyokaribia 100. Kwa sababu ya upepo, na kwa sababu lazima ibebe mafuta ya kutosha kurudi bara ikishindwa kutua, mara nyingi haiwezi kujaza viti vyote. Ratiba ya msingi ni safari moja kwa wiki. Hata ungejaza kila kiti kila wiki mwaka mzima, hufiki abiria 5,200, na wengi kati yao ni Saints wenyewe wanaokwenda na kurudi. Makadirio ya awali yaliyotumika kuhalalisha mradi yalizungumzia watalii hadi 30,000 kwa mwaka siku za mbele. Hakuna namna ndege hii ingewaleta. Halafu likaja janga la Uviko, safari za biashara zikasimama kuanzia Machi 2020 hadi Machi 2022, na wale waliokopa kujenga nyumba za wageni wakabaki na vyumba vitupu.

Pamoja na hayo, mimi nausimamia uwanja ule. Zamani mtu aliyepasuka utumbo Saint Helena alitegemea meli iwe karibu. Ikiwa imeondoka juzi, familia ilikaa kitandani pake ikihesabu siku. Tangu uwanja uwepo, ndege ya wagonjwa inaweza kutoka Afrika Kusini, kumchukua na kumfikisha hospitalini kabla ya wiki ile ile kwisha. Hata kabla abiria wa kawaida hawajaanza kuutumia, mwaka 2016, ulikuwa tayari umepokea ndege ya kubeba mgonjwa. Mwana aliyeko Falklands sasa ana matumaini ya kuwahi kumwona mama yake angali hai, au angalau kuwahi mazishi. Katika jedwali la mapato na matumizi la mradi mambo haya yana safu ndogo sana. Kwa watu wanaoishi huko ndiyo mradi wenyewe. Ukitaka kuujua uwanja kama una maana, usimuulize mhariri wa London.

Kosa lilikuwa kuuza uwanja kwa hoja ya watalii, kana kwamba watu wa kisiwa wanastahili njia ya kutoka nyumbani kwao endapo tu wageni watalipia. Watalii wachache wanaofika huja kwa ajili ya nyumba aliyofia Napoleon, kwa ajili ya papa-nyangumi, au kumwona Jonathan, kobe aliyeletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882 na anayekadiriwa kuzaliwa yapata 1832. Kahawa yao, ya mbegu iliyotoka Yemen mwaka 1733, inasifiwa na kuuzwa ghali sana, ila mavuno ni kidogo. Jodari huvuliwa kwa ndoano mmoja mmoja. Yote ni mazuri, na yote ni madogo.

Kubwa linalokuja liko Rupert's, bonde jirani na la mji. Huko ndiko kuna matangi ya mafuta, mtambo wa umeme na gati jipya lililojengwa pamoja na uwanja wa ndege. Mwaka 2021 tawi la mkongo wa baharini uitwao Equiano, unaotoka Ureno hadi Afrika Kusini, lilivutwa hadi ufukweni hapo, kwa fedha za Umoja wa Ulaya zilizotolewa kama msaada, na kuanzia Oktoba 2023 kisiwa kizima, ambacho kilikuwa kikigawana satelaiti yenye kasi ya kusikitisha na bei kubwa, kikaanza kutumia mkongo.

Bonde hilohilo lina makaburi ya Waafrika wapatao 8,000. Kati ya miaka ya 1840 na 1870 Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa likikamata meli za watumwa na kuzileta Saint Helena, kwa sababu ilikuwa karibu na njia yao. Zaidi ya watu 25,000 walishushwa hapo, wengi wakiwa mahututi. Waliopona walisafirishwa tena, wengi kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Karibi, wakiitwa huru. Mabaki ya watu 325 yalifukuliwa mwaka 2008 ili kupisha barabara ya kupeleka vifaa vya ujenzi wa uwanja, yakahifadhiwa kwenye ghala kwa miaka, na hayakuzikwa upya hadi mwaka 2022. Mkongo umepewa jina la Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa akajinunulia uhuru wake, na umepanda nchi kavu hatua chache kutoka kwa watu hao. Kisiwa kilipata fedha za barabara, gati na mkongo kabla hakijapata fedha za kuwazika. Hilo pia ni sehemu ya hesabu za uchumi, na ningependa kila taarifa ya bajeti ilitaje.

Mkongo una uwezo mkubwa kuliko mahitaji ya watu 4,400, na mpango wa serikali ni kuuza kilichobaki: kukodisha ardhi kwa kampuni za satelaiti zinazohitaji vituo vya ardhini katikati ya Atlantiki, na kuvutia watu wanaoweza kufanya kazi popote penye intaneti. Ni mahali kisiwa kilipo tena, kinauzwa kwa mnunuzi mpya. Safari hii kuna tofauti mbili zinazonipa moyo. Oktoba 2021 walipata waziri mkuu wao wa kwanza na mawaziri wao wenyewe, kwa hiyo angalau kuna Saint mezani mkataba unaposainiwa. Na kituo cha satelaiti kinahitaji mafundi wanaokaa hapo: wa umeme, wa mitandao, wa kutunza mitambo. Kazi hizo Saints wanaziweza, wamezifanya kwa miaka kwenye kambi za watu wengine. Wengi wa wenye ujuzi huo bado wako Stanley, mji mkuu wa Falklands, Ascension na Swindon, mji wa Uingereza wenye jamii yao kubwa, na mishahara inayotolewa Jamestown haijafika inayowafanya wafunge mizigo.